Kugongana baada ya Kiwalala: nani alipe foki na mtulinga uliovunjika?

Swali: Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mwendesha baiskeli wa Mtama. Julai tulikuwa kwenye mbio za Masasi hadi Mtwara, karibu kilomita 200. Tulipopita Kiwalala tulikuwa kundi la watu saba na upepo ulitupiga kutoka kulia. Kijana wa klabu ya Mtwara ndiye aliyekuwa akivuta mbele, yaani akitukatia upepo, mimi nikimfuata, na nyuma yangu mtu wa Lindi. Bodaboda iliyombeba mpiga picha wa mashindano ikatupita kulia, karibu sana. Wa Mtwara akaja kushoto, gurudumu langu la mbele likagusa la kwake la nyuma, nikaanguka ubavu wa kulia. Wa Lindi akaivamia baiskeli yangu. Amevunjika mtulinga, na foki ya baiskeli yake, ile inayoshika gurudumu la mbele, imekatika. Wa Mtwara hakuanguka, na anaapa kwamba hakusogea hata kidogo. Klabu ya Lindi inanidai shilingi 1,450,000 kwa hoja kwamba "aliye nyuma ndiye mwenye kosa". Waandaaji wanasema tulisaini fomu, kila mtu abebe wake. Makamisaa, yaani waamuzi wa mbio, wameandika "ajali ya kawaida ya mbio". Je, ni kweli mimi ndiye wa kulipa?

Jibu: Ndugu yangu, pole sana, na umfikishie pole mwenzako wa Lindi. Kwa maelezo uliyotoa, huwajibiki kulipa fedha yote hiyo. Wala usidhani kwamba huna lawama kabisa. Una sehemu yako, na ukubwa wake unategemea jambo moja ambalo hakuna kati yenu aliyeliuliza mpaka sasa: wa Mtwara alisogea ghafla, au alisogea polepole? Ndani ya nusu sekunde, au ndani ya sekunde tatu?

Kabla ya kufika hapo, tenganisha madai matatu ambayo watu wameyachanganya. La kwanza ni adhabu ya mchezo, nani alivunja kanuni za mbio. Hilo ni la makamisaa. La pili ni usalama barabarani, kwa sababu barabara ya Mingoyo hadi Mtwara mliyokuwa mkipita ni barabara kuu, na kama haikufungwa, Sheria ya Usalama Barabarani haikusimama kwa kuwa kuna mashindano. Hilo ni la polisi. La tatu ni fidia, nani amlipe nani na kiasi gani. Hilo mnaweza kulimaliza kwa suluhu, na mkishindwa ni la mahakama. Jibu la moja si jibu la mengine. Makamisaa kuandika "ajali ya kawaida" maana yake ni kwamba hawakumwadhibu mtu, basi. Hawakusema nani alipe foki, na hawakuwa na mamlaka ya kusema.

Ushahidi wa jinsi hukumu ya mbio inavyoweza kwenda upande mmoja na ukweli ukaja kuonekana upande mwingine upo hata kwenye mashindano makubwa kuliko yote. Tarehe 4 Julai 2017, kwenye Tour de France pale Vittel, Mark Cavendish alianguka karibu na mstari wa kumalizia na kuvunjika bega. Jioni hiyo hiyo Peter Sagan alifukuzwa mashindanoni kwa kudaiwa kumwangusha. Desemba mwaka huo, shauri likiwa limefika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, pande zote zikaliondoa, na UCI, shirikisho la dunia la mchezo wa baiskeli, likakiri kwamba lilikuwa tukio la bahati mbaya lisilo la makusudi. Baada ya hapo ndipo likaanza utaratibu wa kuwa na kamisaa anayetazama video tu. Kama wenye kamera kila kona walihitaji miezi mitano, msitegemee mstari mmoja wa ripoti umalize la Kiwalala.

Sasa tuje kwenye hiyo hoja ya "aliye nyuma ndiye mwenye kosa". Ni hoja nzuri ya kuanzia, kwa sababu aliye nyuma anamwona wa mbele na wa mbele hamwoni yeye. Mkiwa mmefuatana gurudumu nyuma ya gurudumu kwenye barabara iliyonyooka, bila upepo, ukamgonga mwenzako kwa kuwa ulikuwa unatazama chupa ya maji, hapo huna pa kujitetea. Lakini nyinyi hamkuwa mmefuatana hivyo, na hamkupaswa kuwa hivyo.

Kutoka Mingoyo kwenda Mtwara barabara inaelekea mashariki na kuinama kidogo kusini. Julai ni msimu wa kusi, upepo wa kutoka kusini. Kwa hiyo upepo unakuja kuliani na mbele kidogo, na kivuli cha upepo, yaani mahali penye kinga, hakiko tena mgongoni mwa mwenzako, kiko nyuma yake kushoto. Kundi lolote linalojua kazi hujipanga mshazari. Anayevuta hukaa karibu na mstari wa katikati, wa pili huingiza gurudumu lake la mbele kushoto mwa gurudumu la nyuma la wa kwanza, wa tatu kushoto mwa wa pili, na kuendelea. Njia moja ya lami ina upana wa mita tatu na ushee, kwa hiyo mshazari wa watu wanne unajaa. Nyinyi mlikuwa saba, maana yake watatu wa mwisho walikuwa wanaburuzwa ukingoni karibu na mchanga, bila kinga. (Mkiwa mnakwenda upande wa pili, Mtwara kuelekea Mingoyo, kila kitu hugeuka: anayevuta hukaa ukingoni kushoto na mkia wa kundi husukumwa kulia kwenye magari yanayokuja. Kwa barabara isiyofungwa huo ndio upande wa kuogopa zaidi, hasa msimu wa korosho malori yakiwa mengi.)

Kwa hiyo gurudumu lako kuwa ubavuni mwa lake si kosa. Ndiyo nafasi yako. Kosa lako, kama lipo, litatafutwa kwenye maswali madogo zaidi. Uliingiza gurudumu kwa kina gani? Sentimita 20 ni kawaida. Ukiwa umeingia mpaka karibu na pedeli zake, umejinyima mahali pa kutokea. Uliacha nafasi gani ya pembeni kati ya magurudumu? Watu wenye mazoezi huacha sentimita 30 hadi 40. Kushoto kwako kulikuwa na nafasi ya kukwepea, au wa Lindi alikuwa ameshaijaza?

Hapo ndipo kasi ya kusogea inapoamua. Mkiwa na kilomita 36 kwa saa, mnakwenda mita 10 kila sekunde. Mtu aliye macho huhitaji kama robo tatu ya sekunde mpaka sekunde nzima kuona, kuamua na kuanza kugeuza usukani au kubana breki. Wa mbele akihama sentimita 40 ndani ya nusu sekunde, nafasi yote uliyoacha imekwisha kabla mkono wako haujafanya lolote, na hakuna fundi wa kuendesha ambaye angepona. Akihama sentimita hizo hizo kwa sekunde tatu, ulikuwa na muda wa kulegeza miguu na kurudi nyuma nusu gurudumu. Anayefuata ana wajibu wa kuuona mserereko wa polepole, na anayevuta ana wajibu wa kutoruka ghafla bila ishara ya mkono au sauti.

Na kuhusu kiapo chake kwamba hakusogea, nakuomba usikimbilie kumwita mwongo. Mtu anayeendesha na upepo wa kulia huwa ameegemea upepo huo bila kujua. Bodaboda yenye watu wawili ikimpita kulia, kwa karibu, inamkatia upepo kwa muda mfupi. Mwili uliokuwa umeegemea unakosa cha kuegemea, baiskeli inavutika kulia. Pikipiki ikishapita, upepo unarudi na kumsukuma kushoto, naye anasahihisha. Kwa lori mvuto huo ni mkubwa mno na kila anayeendesha barabara ya Lindi anaujua. Kwa bodaboda ni mdogo, lakini kwenye mshazari sentimita 30 zinatosha. Anaweza akawa amesogea kweli na asikumbuke, kwa sababu mawazo yake yalikuwa kwenye ile pikipiki. Kumbukumbu za wote watatu mnaozozana zina kasoro hiyo hiyo. Tafuteni alama na picha.

Alama za kwenye baiskeli zinasema baadhi ya mambo na mengine haziyasemi. Chukua gurudumu lako la mbele, lioshe kwa kitambaa kikavu tu, bila sabuni, utazame ubavu wa kulia wa tairi. Panatakiwa pawe na utepe mweusi uliong'aa au kukwaruzika, pengine na chembe za mpira zilizojikunja. Kwenye baiskeli ya wa Mtwara tazameni ubavu wa kushoto wa tairi la nyuma na ile klipu ya kukazia gurudumu. Mkwaruzo ukiwa kushoto kwake na kulia kwako, umethibitisha kwamba mlikuwa kwenye mshazari halali wa upepo ule. Ungekuwa umemgusa kuliani mwake, gia yake ya nyuma ingekuwa imepinda kuingia ndani kuelekea spoku, na hapo ungekuwa na maswali ya kujibu: ulikuwa unafanya nini upande wa upepo?

Kuanguka kwako ubavu wa kulia nako kunalingana. Gurudumu la mbele likisukumwa kutoka kulia, linageuka kushoto, tairi linatoka chini ya uzito wako, na mwili unaangukia kulia, kule kule ulikoguswa. Wa mbele habughudhiwi sana kwa sababu gurudumu lake la nyuma halina usukani. Linatikisika na kurudi. Ndiyo maana kwenye ajali za aina hii aliyeguswa nyuma huendelea na safari, aliyemgusa akalala chini. Kubaki wima kwake hakuthibitishi kwamba hana kosa, na kuanguka kwako hakuthibitishi kwamba unalo.

Lakini hayo yote hayasemi nani alimfuata mwenzake. Wewe ukimwendea kulia au yeye akikujia kushoto, tairi litachubuka pale pale. Cha kutofautisha ni mlikuwa umbali gani kutoka ukingo wa lami kabla ya kugusana na wakati wa kugusana. Rudi mahali pale na mtu wa tatu asiye wa klabu yenu wala zao. Tafuteni mkwaruzo wa kwanza kwenye lami, mara nyingi ni wa pedeli au ncha ya usukani: mstari mwembamba mweupe unaoanza ghafla. Kutoka kugusana mpaka kulala chini hupita kama nusu sekunde hadi sekunde moja, kwa hiyo mgusano ulikuwa mita 5 hadi 10 nyuma ya alama hiyo. Pimeni kwa futi ya fundi kutoka ukingo wa lami mpaka alama. Kama mlikuwa mmeshika katikati ya njia na alama iko sentimita 80 tu kutoka ukingoni, kuna mtu aliwaleta nyote kushoto, na wewe unayefuata huwezi kumsukuma anayevuta. Kama alama iko karibu na mstari wa katikati, hoja yako inapungua nguvu. Angalieni pia kama kuna mstari mweusi wa tairi la nyuma lililobanwa breki. Ukiwepo kabla ya mkwaruzo, mtu aliona hatari mapema. Pigeni picha mkiwa mmeweka pampu au kitu kingine cha urefu unaojulikana kando ya alama, kisha picha pana inayoonyesha mti au nguzo ili mahali patambulike. Kwa lami inayopitiwa na malori kila siku alama hazidumu, na yawezekana umeshachelewa. Nenda hata hivyo wiki hii.

Rekodi ya saa au simu ya mwendo mlio nayo itasaidia kwa jambo moja tu, mwendo na muda. Ikiwa imewekwa kurekodi kila sekunde, itaonyesha kama kundi lilikuwa linapunguza mwendo kabla ya kugusana au la. Isikusaidie, wala isitumike dhidi yako, kuthibitisha mlikuwa upande gani wa njia, maana GPS hukosea mita 3 hadi 5 hata mahali peupe, na njia yenu yote haifiki mita 4. Mtu akikuletea ramani ya simu akasema "ona, ulikuwa kulia kwake," mwambie hivyo.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko mikononi mwa mpiga picha. Alikuwa pale, kamera ikiwa imewaelekea, na pikipiki yake huenda ndiyo chanzo. Waandikie waandaaji leo, kwa maandishi, mkiomba faili halisi la video na picha zote za dakika mbili kabla na dakika mbili baada. Sisitiza faili halisi kutoka kwenye kadi, lililonakiliwa kwa kompyuta. Likipitia WhatsApp hubanwa, huharibika ubora, na hupoteza saa na taarifa za kamera. Kadi za kamera huandikwa juu yake kwenye harusi inayofuata, kwa hiyo kila siku inayopita ni hasara. Mkilipata, litazameni polepole, fremu kwa fremu. Video nyingi za kawaida zina fremu 25 au 30 kwa sekunde, kwa hiyo mkihesabu fremu tangu wa Mtwara anapoanza kusogea mpaka mnapogusana, mmepata jibu la swali langu la mwanzo: fremu 12 hadi 15 ni nusu sekunde, fremu 75 hadi 90 ni sekunde tatu. Kuhusu umbali muwe waangalifu, kamera za kuvaa na za simu zenye lenzi pana hufanya vitu vya pembeni vionekane mbali kuliko vilivyo.

Mashahidi wazuri ni wale wanne waliokuwa nyuma ya wa Lindi. Kila mmoja aandike peke yake, kabla hawajaketi pamoja, na achore: nani alikuwa wapi, bodaboda ilikuwa wapi, ukingo ulikuwa wapi. Michoro minne inayolingana ina uzito kuliko barua ya kurasa kumi iliyosainiwa na klabu nzima.

Sasa bodaboda. Hapa ndipo naona mmekosea nyote kuacha kutazama. Ufaransa nje ya miji, na Hispania, sheria inataka chombo cha moto kimwachie mwenye baiskeli mita 1.5 kinapompita. Hata mahali ambapo sheria haitaji kipimo, hicho ni kipimo cha busara kwa dereva aliyepewa kazi kwenye mbio. Vyombo vya msafara vimeua. Antoine Demoitié wa Ubelgiji alifariki Machi 2016 baada ya kuanguka na kugongwa na pikipiki kwenye mbio za Gent–Wevelgem. Na mwaka 2011, kwenye Tour de France, gari la televisheni liliukwepa mti, likamgonga Juan Antonio Flecha, naye akamwangusha Johnny Hoogerland aliyerushwa kwenye senyenge na kushonwa nyuzi 33. Hakuna aliyemwambia Hoogerland amdai Flecha kwa kuwa ndiye aliyemgusa. Lile gari ndilo lililotolewa mashindanoni.

Kama video au mashahidi watathibitisha kwamba bodaboda ilipita chini ya mita moja, mna njia ambayo haipiti mfukoni mwako. Pikipiki inayotumika barabarani inatakiwa kuwa na bima ya mtu wa tatu. Chukueni namba ya usajili, mhakiki bima yake kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kampuni ya bima itataka taarifa ya polisi, kwa hiyo jambo hili lazima liwe limeripotiwa. Kama mwenzako wa Lindi alitibiwa kwa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, tayari kuna kumbukumbu kituoni. Aulize namba yake, na kama ramani ya eneo la ajali ilichorwa. Kama hamkuripoti kwa kuwa "ni mambo ya michezo," nendeni sasa. Kuchelewa kunawadhoofisha, kukaa kimya kunawamaliza. Bima itauliza pia kama pikipiki ilikuwa inashindana. Jibu la kweli ni kwamba ilikuwa kazini ikibeba mpiga picha.

Waandaaji nao hawatoki kwa kuonyesha fomu. Anayesaini fomu ya mbio anakubali hatari za kawaida za mchezo: kuguswa magurudumu, kuanguka, shimo, kuchoka kilomita ya 150. Hakubali uzembe wa chombo kilichoingizwa mbioni na waandaaji wenyewe. Waulizeni kwa maandishi: dereva yule alielekezwa nini? Aliruhusiwa kupita kundi wapi na kwa upande gani? Kibali cha polisi kilisemaje kuhusu barabara, imefungwa au magari yanaendelea? Kulikuwa na bima ya mashindano? Fabio Jakobsen alipoangushwa Katowice, Poland, tarehe 5 Agosti 2020, Dylan Groenewegen alifungiwa miezi tisa kwa kuacha mstari wake, na ilikuwa haki. Lakini mbio za kumalizia zilikuwa za mteremko na vizuizi vya pembeni viliachia, na kosa la mwendeshaji halikuwafutia waandaaji la kwao. Visababishi viwili vinaweza kuishi pamoja kwenye ajali moja.

Mtu asije akakusomea ile kanuni maarufu ya kutoacha mstari, ama dhidi ya wa Mtwara au dhidi yako. Kanuni hiyo ya UCI inahusu mbio za kumalizia, pale mtu anapokuwa ameshachagua mstari wake na kuanza kukimbilia utepe. Kiwalala mlikuwa bado na safari ndefu. Pale yanayotumika ni mazoea ya kundi na wajibu wa kawaida wa kutomhatarisha mwenzako.

Tuje kwenye fedha. Hakuna jedwali la kisheria la kugawa lawama kwenye ajali ya baiskeli, ila mahakama zetu zinaweza kupunguza fidia kwa kadiri mdai mwenyewe alivyochangia. Kwa uzoefu wa migogoro ya aina hii, ningegawa hivi. Video ikionyesha bodaboda imebana na wa Mtwara ameruka ndani ya nusu sekunde, mzigo mkubwa ni wa bodaboda na waandaaji, wa Mtwara ana kidogo, wewe kidogo au huna kabisa. Bodaboda ikiwa mbali na mserereko ukiwa wa polepole, wewe unabeba kama nusu, wa Mtwara robo, na robo inayobaki ni ya mwenzako wa Lindi mwenyewe. Msishtuke kumtaja. Naye alikuwa nyuma yako kwa chini ya mita moja, kwenye mshazari ule ule, na hoja ya "aliye nyuma" anayoitumia klabu yake kwako inamhusu yeye pia kwako. Kama hakuna video, hakuna alama na mashahidi wanapingana, mgawanyo wa sawasawa kati ya watatu ndio wa haki zaidi ninaouona.

Na hesabu yenyewe ifumuliwe. Shilingi 1,450,000 ni za nini? Matibabu yawe na stakabadhi, kila moja. Nauli za hospitali ziandikwe kwa tarehe. Baiskeli isitathminiwe kwa bei ya mpya dukani. Fundi asiyehusika aandike foki ilikuwa ya aina gani, ilikuwa na umri gani, inapatikana mtumba kwa shilingi ngapi, na kazi ya kuifunga ni kiasi gani. Atazame pia mahali ilipokatikia. Chuma au alumini iliyokatika yote kwa mpigo huwa na uso mmoja wenye rangi moja, chembe mpya zinazong'aa. Foki iliyokuwa na ufa wa zamani huonyesha nyuso mbili: sehemu iliyofifia, laini, pengine yenye kutu, na sehemu mpya inayong'aa pale ilipomalizikia. Ukikuta hivyo, sehemu ya gharama ya foki ni ya mwenye foki, maana ilikuwa imeshaanza kufa kabla ya Kiwalala. Waombe vipande visitupwe wala visichomelewe kabla ya kupigwa picha.

Suluhu ndiyo njia ninayokushauri kwanza, na kuna muda. Kwa Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya madhara ya aina hii yana miaka mitatu, kwa hiyo klabu ikikuambia ulipe kabla ya Ijumaa la sivyo mahakamani, usitoe fedha kwa hofu. Usitoe hata kidogo kidogo "kwa ubinadamu" bila karatasi, kwa sababu kesho itasomwa kama kukiri. Ukitaka kumsaidia mgonjwa, na ni vizuri kumsaidia, mpe kwa barua fupi yenye mashahidi wawili inayosema ni msaada na si kukubali kosa.

Barua ya kuijibu klabu ya Lindi iwe fupi. Unaweza kuandika hivi:

"Nimepokea dai lenu la shilingi 1,450,000. Namtakia mwenzetu nafuu. Sikubali wala sikatai sehemu yangu mpaka ushahidi ukusanywe. Naomba: (1) stakabadhi za matibabu, (2) tathmini ya fundi asiyehusika na picha za foki ilipokatikia, (3) tuwaandikie waandaaji kwa pamoja kuomba faili halisi la video ya mpiga picha na jina la mwenye pikipiki, (4) kikao cha pande nne, yaani nyinyi, mimi, mwendeshaji wa Mtwara na waandaaji, ndani ya siku 14, mbele ya mtu tutakayemkubali sote."

Kipengele cha tatu ndicho chenye uzito. Mwenzako wa Lindi anaihitaji video ile kuliko wewe, kwa kuwa bima ya pikipiki inaweza kumlipa gharama ambazo wewe, hata ukikutwa na kosa, huna uwezo wa kuzimaliza. Mpelekee barua hiyo yeye mwenyewe nyumbani, si klabu peke yake, na nakala kwa waandaaji wasaini kuipokea, na tarehe.